Uliza Anko wa Jikoni: Sushi imefikaje kila kona, serikali ndo iliisukuma au watalii ndo walioibeba?

Hodi humu ndani. Toleo lililopita nilichomeka mstari mmoja tu, kwamba wizara ya kilimo ya Japani ilihesabu migahawa ya Kijapani iliyoko nje ya nchi yao ikapata kama 24,000 mwaka 2006, afu ilipohesabu 2023 ikakuta kama 187,000. Mstari mmoja jamani, nikajua utapita kimya kimya. Meseji zikamiminika mpaka simu ikawa inaganda, nyingine maswali, nyingine ugomvi, na moja ilikuwa picha ya sahani tupu bila neno hata moja, sijui nilitakiwa nijibu nini. Nimechagua hizi, nimezifupisha kidogo, majina ni yale mliyojipachika wenyewe.

Anko shikamoo. Hiyo hesabu yako mi siiamini, nani alizunguka dunia nzima kuhesabu migahawa? Na hata kama ni kweli, serikali hapo imefanya nini? Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sushi, ule wali wao wa samaki, ni tamu, imejiuza. Basi. — Mzee wa Hesabu

Marahaba, ingawa mzee kuniamkia mimi kunanipa wasiwasi kuhusu umri wangu. Hakuna mtu aliyezunguka dunia. Wizara ya kilimo inashirikiana na wizara ya mambo ya nje, balozi na konsuleti zao huko zilipo zinaangalia sehemu ngapi zinajiita za Kijapani, kwahiyo kwenye hiyo hesabu wamo wapishi waliobobea na wamo pia wale wanaouza sushi, pizza na wali wa kukaanga kwenye menyu moja. Ichukue kama hesabu ya mabango, sio ya ubora.

Sasa huo msemo wako wa wahenga. Nusu yake nakupa. Chakula hiki kilianza kutembea zamani bila wizara kukisindikiza. Kikkoman, wale wa soya sosi, walifungua ofisi ya mauzo San Francisco mwaka 1957 na kiwanda Wisconsin mwaka 1973, hiyo ni biashara tu mtu anatafuta soko. Mwaka 1958 bwana mmoja Yoshiaki Shiraishi, alikuwa na kiduka cha sushi maeneo ya Osaka na wafanyakazi hawatoshi, aliona chupa za bia zinavyotembea kwenye mkanda kiwandani akasema kwanini sahani zangu zisitembee hivihivi, ndo sushi ya mkanda ikazaliwa. Ikaja kupata jina kubwa kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka 1970, ambako walipita watu zaidi ya milioni 60. Hapo ndo uangalie vizuri: mkanda ni wa Shiraishi ila uwanja uliowaleta hao watu uliandaliwa na serikali. Na hadithi yote iliyobaki inakwenda hivohivo mpaka leo, mtu binafsi anapika, serikali inafungua mlango, mgeni anaingia anakula anaondoka na hamu.

Kwahiyo mzee wangu, kizuri kilijiuza kweli, lakini na kutembezwa kimetembezwa tena kwa bajeti. Na sababu haina mapenzi ndani yake, ni hesabu kama jina lako. Idadi ya watu Japani inapungua tangu karibu 2008, wazee wengi, watoto wachache, yani matumbo ya ndani yanapungua kila mwaka. Mkulima na mvuvi wakauze wapi? Nje. Mwaka 2012 mauzo ya nje ya chakula na mazao yao yalikuwa kama yeni bilioni 450, mwaka 2021 yakavuka trilioni 1 kwa mara ya kwanza, 2024 yakafika kama trilioni 1.5, na wamejiwekea lengo la trilioni 5 ifikapo 2030. Hilo la mwisho mi naona ni ndoto ya mchana ila haya, waache waote.

Anko, kuna rafiki yangu kaniambia Japani waliwahi kuwa na POLISI WA SUSHI wanakuja kukufungia mgahawa ukikosea. Nikamcheka sana. Nimtake radhi au niendelee kucheka? — Mpenda Wasabi

Endelea kucheka ila kwa sauti ndogo. Ilikuwa hivi. Mwaka 2006 waziri wa kilimo wa kipindi hicho, Toshikatsu Matsuoka, alikuwa Marekani jimbo la Colorado, akaingia mgahawa unaojiita wa Kijapani, akakuta sushi inauzwa pamoja na nyama choma ya Kikorea. Akachukia. Aliporudi nyumbani akaja na wazo la serikali kukagua migahawa ya nje na kuipa vyeti ile ambayo ni ya Kijapani kweli. Magazeti ya Marekani yakampokea kwa kicheko, yakauita mpango huo polisi wa sushi, na jina likanata kuliko mpango wenyewe. Watu wakauliza maswali ya kawaida tu, kwamba nyie Wajapani mnapika tambi za Kiitaliano mnaweka mayai ya samaki na mwani juu, Waitaliano wamewahi kuwatumia polisi? Wizara ikanywea. Hakuna aliyevaa sare, hakuna aliyefungiwa.

Nilichopenda ni kilichofuata. Walijifunza. Miaka kumi baadaye, 2016, wakaja na kitu kilekile kimegeuzwa ndani nje: badala ya kukagua mgahawa wa mtu wakaanza kutoa cheti kwa mpishi mgeni mwenyewe anayetaka, dhahabu kwa aliyefanya mafunzo Japani kama miaka miwili, fedha kama mwaka mmoja, shaba kwa aliyesoma kozi fupi. Na mgahawa au duka la nje linalotumia mazao ya Japani nalo likawa linaweza kupewa utambulisho rasmi wa kuunga mkono. Umeona tofauti? Mwanzo walitaka kumwaibisha anayekosea, baadaye wakaamua kumpamba anayejitahidi. Na huwezi kumkaripia mtu akakupenda, hasa mtu ambaye anakulipa ili anunue mchuzi wako. Tena ukumbuke wengi wenye migahawa ya Kijapani huko duniani si Wajapani kabisa, ni Wachina, Wakorea, Wavietinamu na wenyeji wa nchi husika, hao ndo waliobeba mzigo wa kukisambaza chakula chenyewe, sasa unawatumia polisi watu wanaokufanyia kazi bure?

Shikamoo Anko. Mi nasoma utalii na mwalimu kasema utalii unasambaza chakula. Sielewi. Mtalii kala udon yake huko Japani, kashiba, karudi kwao. Kimesambaa nini hapo? Naomba mfano wa kueleweka sio nadharia. — Binti wa Mwaka wa Pili

Marahaba binti. Nitakupa mfano wa udon hiyohiyo maana umeitaja mwenyewe, na nitakuwa mrefu kidogo kwasababu hapa ndo penyewe.

Kuna mkoa unaitwa Kagawa, uko kisiwa cha Shikoku, ndo mkoa mdogo kuliko yote Japani kwa eneo. Hauna Tokyo, hauna Kyoto. Una udon, zile tambi nene nyeupe za ngano. Mwaka 2011 uongozi wa mkoa ukaamua kujitangaza kwa jina la Mkoa wa Udon, na sio utani, wakalibeba kweli. Mi nilifika huko kwa mguu wangu. Uwanja wa ndege wa Takamatsu kuna bomba, unafungua kama la maji, linatoka supu ya udon ya moto, ile dashi ya samaki wakavu na mwani. Nilisimama na kikombe changu nikajiona kama mtu anayeteka maji kwenye nchi ya ndotoni. Nje kuna teksi zina bakuli la udon la plastiki juu ya paa, na dereva wake kabla hajakabidhiwa hiyo gari anafanya mtihani wa kuandika kuhusu udon na anakanda unga kwa mikono yake mbele ya wasahihishaji. Dereva! Nikamwambia nipeleke unakokula wewe, akanipeleka kwenye banda nyuma ya mashamba.

Humo ndani hakuna mhudumu wa kukukalisha. Unapewa bakuli lina tambi baridi, unaziweka kwenye kichujio chenye mpini mrefu, unachovya kwenye maji yanayochemka, unahesabu sekunde, unakung'uta, unamwaga kwenye bakuli, unafungua bomba la supu, unanyunyiza majani ya vitunguu na tangawizi ya kusaga, unalipa yeni mia tatu na kitu unakaa. Mi nilikung'uta vibaya maji ya moto yakanimwagikia kwenye raba, bibi mmoja akaninyang'anya kichujio akanionyesha, mara mbili, kwa ukali wa mapenzi. Pembeni walikuwepo vijana wawili kutoka Taiwan wanarekodi kila kitu kwa simu. Sasa fikiria hao vijana wamerudi kwao. Udon ya pakiti dukani waliyokuwa wanaipita leo wanaisimamia, wanasoma nyuma kama ngano ni ya wapi. Wanamtafuta mwenye mgahawa wanamwambia tambi zako laini sana, za kule zinakataa kukatika. Mwenye mgahawa akisikia hivo mara tano anabadilisha. Huko ndo kusambaa binti, mgeni karudi na ulimi uliosomeshwa, na ulimi uliosomeshwa unamsumbua kila anayempikia.

Afu nikuchekeshe, ngano ya hizo udon sehemu kubwa inatoka Australia. Wamekuja kulima mbegu yao wenyewe ya mkoa lakini ya Australia bado ndo inatawala. Nchi ambayo chakula kinachozalishwa ndani kinatosha asilimia 38 tu ya kalori inazokula, inauza utamaduni wa chakula duniani. Andika hiyo kwenye insha yako mwalimu atakaa chini.

Serikali kuu imefanya nini hapo? Imeleta watu. Mwaka 2003 walianzisha kampeni ya kuwaita wageni, mwaka huo waliingia kama milioni 5.2. Lengo likawa milioni 10 ifikapo 2010, wakachelewa, wakafika 2013. Mwaka huohuo wakafuta viza za muda mfupi kwa Wathailand na Wamalaysia. 2014 wakapanua manunuzi bila kodi kwa wageni mpaka vyakula na vinywaji, kabla ya hapo ilikuwa vitu kama saa na kamera, kwahiyo ghafla mtu anaondoka na sanduku zima la biskuti, chai na tambi kavu, anagawia ofisi nzima. 2019 wageni milioni 31.9. 2024 milioni 36.9, yeni nayo imeshuka thamani ikawa kama dunia nzima imepewa punguzo. Na kila wakiulizwa kabla ya safari walikuwa wanategemea nini zaidi Japani, jibu la kwanza kwenye utafiti wa shirika lao la utalii ni kula chakula cha Kijapani, linashinda mahekalu, linashinda maduka.

Angalia Thailand ilivyokwenda. Viza imefutwa 2013, watu wakawa wanaenda Japani kama wanaenda kwa shangazi, na leo migahawa ya Kijapani Thailand imevuka 5,000 kwa hesabu ya JETRO, lile shirika la serikali la biashara ya nje. Siwezi kukwambia viza ndo imejenga yote maana viwanda vya magari vya Kijapani vilikuwepo huko miaka mingi na wafanyakazi wao walihitaji kula. Lakini mwenye mgahawa anayepata wateja walioshakula kitu chenyewe kulekule Hokkaido, kaskazini mwa Japani, hana kazi ya kuwaelezea.

Ila sitaki ukamwambie mwalimu utalii ndo kila kitu. Korona ilipofunga mipaka, 2020 waliingia milioni 4 tu na 2021 hata laki tatu hawakufika. Kwa nadharia ya mwalimu chakula kingekwama. Hakikukwama, migahawa ya nje ilikuwa kama 156,000 mwaka 2019 na kama 159,000 mwaka 2021, na huo 2021 ndo mauzo yao ya nje yalivuka trilioni moja. Watu wamefungiwa ndani wanaagiza, wanajipikia, hamu ya zamani ikafanya kazi bila ndege.

Anko hivi UNESCO wanatoa shilingi ngapi chakula chenu kikiandikwa kwenye orodha yao ya urithi? — Njaa Haina Baunsa

Hawakulipi kwa kuandikwa. Unapata jina.

Ila jina hilo lina mchezo ndani yake, acha nikusimulie hata kama hujauliza. Washoku, yani mila ya mlo wa Kijapani, iliandikwa Desemba 2013. Aliyeshika bango kwa muda mrefu alikuwa mpishi wa Kyoto, Yoshihiro Murata, na mawazo ya mwanzo yalielekea kwenye kile chakula cha kifahari cha Kyoto, kaiseki, sahani kumi na kitu kila moja kama uchoraji. Lakini 2011 Wakorea walipeleka chakula cha ikulu ya wafalme wao hakikupita. Wajapani wakastuka, wakabadilisha karata. Maombi yaliyokwenda 2012 yakaongelea mlo wa nyumbani, wali, supu, vitoweo vichache, kufuata msimu, na hasa vyakula vya mwaka mpya, familia imekaa na makasha ya osechi. Kikapita, na kwenye mkutano huohuo Wakorea nao wakapitisha kutengeneza kimchi kwa pamoja, kwahiyo wote walijifunza kwamba bibi jikoni ana nguvu kuliko mfalme. Na usisahau mwaka 2011 ndo tetemeko na ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, nchi kibao zilikuwa zimezuia chakula cha Japani kwa hofu ya mionzi. Lile jina la UNESCO lilikuja wakati ambao walihitaji mtu awaambie walaji kwamba chakula hiki ni salama na kina heshima, hata kama kuandikwa kwenyewe hakupimi mionzi. Ulaya walikuja kuondoa masharti yao ya mwisho 2023, yani miaka kumi na mbili. Desemba 2024 utengenezaji wa sake, pombe yao ya mchele, nao ukaingia kwenye orodha.

Kaka Anko, mimi ni mpishi, nina miaka minane jikoni, nataka kwenda Japani kujifunza nifanye kazi hukohuko. Inawezekana au ndo wanataka tule chakula chao tu ila tusikipike? — Dada wa Sufuria

Dada yangu umegusa kidonda chao. Kwa miaka mingi ilikuwa hivi: mgeni unapata viza ya kazi ya upishi Japani endapo unapika chakula cha KWENU. Mthai apike Kithai, Mhindi apike Kihindi. Ukitaka kupika cha Kijapani, hakuna viza, hiyo kazi ni ya wenyewe. Yani unatumia mabilioni kutangaza chakula duniani, afu anayekuja kwa mapenzi yake kukisomea, akimaliza chuo unamwambia asante kwa ada yako, uwanja wa ndege ni kule. Mi nikisema serikali wakati mwingine mkono mmoja haujui mwingine unapika nini, namaanisha hii.

Ikaanza kulegea 2013, Kyoto wakapewa ruhusa maalumu ya wapishi wageni kufanya kazi huku wakijifunza kwenye migahawa ya pale. 2014 wizara ya kilimo ikaja na mpango wa nchi nzima, ukimaliza chuo cha upishi Japani unaruhusiwa kubaki kazini miaka miwili ukijifunza cha Kijapani, baadaye wakaongeza ikawa mitano. Na Aprili 2019 wakaanzisha viza ya ujuzi maalumu, sekta ya migahawa ikiwemo, kwa mtihani wa kazi na mtihani wa lugha. Lugha dada, anza leo, sio ukifika. Jikoni kwao maelekezo yanatolewa mara moja tena kwa sauti ya chini. Na minane yako uiweke pembeni kidogo, wengi wanaanzishwa na kuosha mchele, na wala sio dharau, ukiona mtu anavyouosha ule mchele, anageuza na kiganja bila kuuvunja, anamwaga maji mpaka anaridhika yeye na sio wewe, utaelewa kwanini.

Assalaam alaykum Anko. Sisi wa halali tunakula nini huko? Au hizo kampeni hazikutuona? — Abu Kijiko

Waalaykum salaam. Ziliwaona, ila ziliwaona kwa sababu ya mahesabu. Viza zilipolegezwa kwa Malaysia 2013 na Indonesia mwaka uliofuata kwa wenye pasi za kielektroniki, hoteli na migahawa ikastuka imejaa wageni wanaouliza maswali ambayo hawajawahi kuulizwa. Tatizo nguruwe unamuona, kazi iko kwa vile visivyoonekana. Supu ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe, hiyo utaambiwa. Lakini mirin kwenye mchuzi wa kuku wa kuchoma ni kilevi cha mchele, sake inanyunyizwa kwenye samaki kuondoa shombo, hata soya sosi nyingine ina alkoholi. Leo ramen, zile tambi za supu, ya halali ya supu ya kuku utaipata Tokyo, Osaka, Kyoto bila shida kubwa, kwenye miji midogo jiandae kula samaki wa kuchoma na chumvi na wali. Kingine ujue kwamba vyeti vya halali huko vinatolewa na taasisi binafsi tofauti tofauti, serikali haina muhuri wake mmoja, kwahiyo usitosheke na stika mlangoni, uliza imetoka kwa nani.

Mwanangu, mimi ni mama yenu mtu mzima, nasoma tu huwa siandiki. Lakini nimeona habari kwamba huko Japani mchele ulikosekana na ile chai ya kijani ya unga nayo ikawa inagawiwa kwa kipimo. Sasa huko kutangaza chakula si ndo kumwita mgeni afagie chungu? — Mama Kimya

Shikamoo mama, na uandike tena, nakuomba.

Mchele kwanza maana watu wengi walimsingizia mtalii. Kiangazi cha 2024 rafu za mchele zilikauka kweli, na mpaka 2025 mfuko wa kilo 5 ukapita yeni 4,000, mara mbili ya mwaka mmoja nyuma yake. Waziri wa kilimo Taku Eto akasimama akasema yeye hajawahi kununua mchele maana wafuasi wake humletea. Mama, unaweza kufikiria. Mei 2025 akajiuzulu. Sasa mtalii alikula kiasi gani? Ukipiga hesabu mgeni anakaa siku chache, anakula milo miwili mitatu, jumla yao haifiki asilimia moja ya mchele unaoliwa nchini. Chanzo kilikuwa joto kali lililoharibu mavuno ya 2023 na sera ya miaka mingi ya kuwabana wakulima wasilime mchele mwingi ili bei isishuke. Mgeni alikuwa mlangoni tu wakati chungu kinatoboka.

Kwenye hiyo chai ya unga, matcha, ndo una haki kabisa. Hapo mgeni na mitandao wameshirikiana. Chai ya matcha inatoka kwenye majani yanayofunikwa wiki kadhaa yasipigwe jua, afu yanasagwa kwenye jiwe, na jiwe moja linatoa kama gramu 40 kwa saa. Gramu arobaini, mama, hiyo ni kopo moja dogo. Mwishoni mwa 2024 maduka ya zamani ya chai Kyoto na mji jirani wa Uji yakaanza kumpimia mteja makopo machache. Wakulima wazee, vijana hawataki shamba, mti mpya wa chai unachukua miaka kadhaa ndo uvunwe, na serikali iliyokuwa inatangaza kunyweni matcha haikuwa imepanda miche ya kutosha. Hapo kampeni ilikimbia ikaacha shamba nyuma.

Na kuna masoko yamegeuka ya wageni tupu. Pale Toyosu, penye soko kubwa la samaki la Tokyo, jengo jipya la migahawa lilipofunguliwa mwanzoni mwa 2024 wenyeji waliona bakuli la wali na vyakula vya baharini linauzwa kwa maelfu ya yeni, wakalitungia jina la utani, inbaundon, yani bakuli la wageni. Wanacheka ila wanaumia.

Anko mbona husemi salmoni? Nimeambiwa sushi ya salmoni hata sio ya Kijapani, niliposema kwenye grupu nikatolewa. — Nimetolewa Bila Kosa

Ulikuwa sahihi, warudi wakuombe radhi. Zamani Wajapani salmoni waliila ya kuchoma au ya chumvi, mbichi hapana, maana salmoni wa bahari ya Pasifiki ana minyoo. Miaka ya 1980 Norwei walikuwa wanafuga salmoni wengi mno na hawana pa kuwapeleka, serikali yao ikaanzisha mradi ukaitwa Project Japan, na mtu aliyehangaika nao sana, Bjørn Eirik Olsen, kazi yake ilikuwa kuwashawishi Wajapani kwamba huyu wa kufugwa hana minyoo na analika mbichi. Walimkatalia miaka. Rangi sio, harufu sio, kichwa chake sio. Mpaka miaka ya 1990 ndo ikakubali, ikapenya kwenye sushi za mkanda za bei rahisi, watoto wakaipenda. Yani wakati Japani inawaza kupeleka chakula nje, nchi nyingine ilishatumia sera ya serikali kuingiza samaki wake ndani ya sushi ya Mjapani, na leo mgeni anatua Tokyo anaagiza salmoni akiamini anakula cha wahenga.

Anko swali dogo. Nikienda hiyo sushi ya mkanda, lile bomba jeusi mezani ni la kunawia mikono? — Mgeni wa Kesho

HAPANA. Ni maji ya moto ya chai. Unaweka unga wa chai ya kijani kwenye kikombe, unasukuma kikombe chenyewe kwenye kile kitufe, maji yanatoka yanachemka. Kidole changu cha shahada bado kina alama.